MJUE JOSEPH BAZALGETTE, FUNDI ALIYEIONDOLEA LONDON UVUNDO

Najua wengi wenu mko kafe, dakika zinakatika na jamaa wa kaunta keshaanza kuangalia saa. Kwa hiyo sizunguki sana, ila naomba mnivumilie nianzie nyumbani kwanza.

Masika yaliyopita mvua ilipiga usiku kucha mtaani kwetu hapa Dar. Kwenye saa tisa usiku nikasikia nyundo na chepe nyumba ya tatu kutoka kwetu. Mliokulia mabondeni mnajua tayari ninachotaka kusema. Jirani alikuwa anatapisha choo. Shimo limejaa, gari la majitaka ni hela nyingi, mvua ndiyo hiyo imeletwa na Mungu bure, basi anatoboa ukuta wa shimo na kila kitu kinakwenda na maji. Asubuhi watoto wa shule wanavuka humo humo, viatu mkononi. Siku ya nne mtoto wa mpangaji mwenzangu akalazwa, anahara na kutapika. Alipona, tunashukuru, lakini mama yake alikonda wiki moja kama aliyeugua yeye.

Nikasema hapana, safari hii nakwenda kulalamika. Ofisi ya kwanza wakaniambia mtaro ule si wao, ni wa ofisi nyingine. Ofisi ya pili wakakubali mtaro ni wao, ila kilichomo ndani ya mtaro si chao! Ofisi ya tatu wakaniambia niandike barua. Barua nimeandika. Mpaka leo kimya.

Kwa hasira nikaingia kafe kutafuta miji mingine walifanyaje. Ndipo nikakutana na huyu bwana, Joseph Bazalgette, Mwingereza aliyefariki mwaka 1891. Tangu siku hiyo sijaacha kumsimulia. Leo zamu yenu.

MJUKUU WA FUNDI CHEREHANI

Alizaliwa tarehe 28 Machi 1819 Enfield, kaskazini ya London. Jina lake si la Kiingereza, na kweli babu yake alikuwa Mfaransa aliyehamia Uingereza akawa fundi wa kushona nguo, na mteja wake mkubwa alikuwa mtoto wa mfalme mwenyewe. Baba yake alikuwa ofisa wa jeshi la majini. Kwa hiyo tusidanganyane, hakutoka familia ya kulala njaa.

Hakusoma chuo kikuu kama tunavyokijua sisi. Alijifunza uhandisi kwa kumfuata mhandisi mkubwa, John Macneill, na kazi ya mwanzo aliyopewa ni kukausha ardhi yenye maji kule Ireland ya kaskazini. Yaani ujana wake wote alikuwa anajiuliza swali moja tu: maji haya yapite wapi? Mwaka 1842 akafungua ofisi yake London. Ilikuwa miaka ya wazimu wa reli, kila kampuni inataka mhandisi wa kuichorea njia, na Bazalgette akazichora mchana na usiku mpaka afya ikakatika. Mwaka 1847 akaanguka kabisa, ikabidi aache kazi aende mashambani kupumzika. Alikuwa mtu mdogo wa umbo, na mwili wenyewe haukuwa wa chuma. Hilo likumbukeni, maana kazi aliyokuja kuifanya baadaye ingewashinda watu wenye vifua vipana.

MJI WENYE MABOSI MIA TATU

Sasa ioneni London ya wakati ule. Ndiyo ulikuwa mji mkubwa kuliko yote duniani, watu zaidi ya milioni mbili. Meli zinaingia na mali kutoka kila pembe, pamoja na karafuu na pembe za ndovu za kwetu. Lakini chooni? Mashimo chini ya nyumba, kama sisi. Wapo waliofanya kazi ya kuyapakua usiku na kuuza kinyesi kwa wakulima kama mbolea. Mji ukapanuka, mashamba yakawa mbali, biashara ikafa, mashimo yakafurika.

Halafu vikaja vyoo vya kuvuta maji, maendeleo hayo! Tatizo ni kwamba kila anayevuta anamwaga ndoo nzima ya maji ndani ya shimo lile lile. Kuanzia mwaka 1847 wakubwa wakaamuru mashimo yafungwe na nyumba ziunganishwe na mifereji ya mvua. Mifereji hiyo inakwenda wapi? Mto Thames. Na maji ya kunywa ya watu wengi yanachotwa wapi? Mto Thames. Si mnaona wenyewe.

Kipindupindu cha 1848 na 1849 kiliua watu zaidi ya 14,000 London peke yake. Kikarudi 1853 na 1854, kikaua zaidi ya 10,000. Mwaka 1855 mwanasayansi Michael Faraday alipanda boti akawa anadondosha vipande vya karatasi nyeupe mtoni, vikapotea machoni kabla hata havijazama urefu wa kidole. Akaandika gazetini kulieleza taifa. Hakuna lililofanyika.

Kwa nini? Kumbe London nzima ilikuwa na vyombo vya utawala kama mia tatu. Kila parokia na baraza lake, kila baraza na mpaka wake, na huu mfereji ni wa fulani, ule ni wa fulani. Niliposoma hapo nikacheka peke yangu mpaka jamaa wa kompyuta ya pili akageuka. Mimi nilizungushwa ofisi tatu nikadhani nimeonewa!

Bazalgette aliingia kwenye idara ya mifereji mwaka 1849 kama msaidizi. Bosi wake akafariki 1852, akapewa nafasi yake. Mwaka 1855 Bunge likapitisha sheria ya kuunda bodi moja ya kazi za jiji zima, na mwaka uliofuata akachaguliwa kuwa mhandisi wake mkuu. Ramani alikuwa nayo. Alichokosa ni hela na ruhusa. Kila akipeleka mchoro serikalini unarudishwa: maji yamwagwe mbali zaidi, sasa nani alipie huo umbali? Miaka miwili ikapita hivyo.

HARUFU INAINGIA BUNGENI

Ikaja Juni 1858. Joto kali, mvua hakuna, mto umepungua na kinyesi cha watu milioni mbili kimelala kwenye tope kinachemka. London yote ikanuka. Tofauti na miaka mingine ni kwamba jengo la Bunge liko ukingoni pa Thames kabisa. Wakalowanisha mapazia kwa dawa ya klorini, haikusaidia. Wabunge wakatoka vyumba vya kamati na leso puani, na ikaanza kuzungumzwa habari ya kuhamishia shughuli mahali pengine.

Basi wadau, jambo lililokwama miaka likatembea kwa miguu yote minne. Waziri wa Fedha, Benjamin Disraeli, akapeleka muswada, na katika siku kumi na nane hivi ukawa umepita. Tarehe 2 Agosti 1858 ikawa sheria. Bodi ikapewa uwezo wa kukopa pauni milioni tatu na kujenga bila kuomba ruhusa kila kukicha.

Hapo nilisimama kusoma nikawaza. Watu zaidi ya 24,000 walikufa katika milipuko miwili na sheria haikuja. Harufu ilipoingia puani mwa wabunge, sheria ikaja kwa chini ya wiki tatu. Sina la kuongeza.

MATOFALI MILIONI 318

Ujenzi ukaanza 1859. Akili ya Bazalgette ilikuwa nyepesi kuieleza ila ngumu kuijenga. Mifereji yote ya zamani ilishuka kutoka kaskazini na kusini kwenda mtoni. Yeye akachimba mahandaki makubwa yanayoikata njiani kabla haijafika mtoni, yaende mashariki sambamba na mto, yakamwage mbali chini ya mji wakati maji ya bahari yanapokupwa, yaondoke nayo. Mahandaki yakapewa mteremko mdogo sana, kama futi 2 kwa maili, ili uchafu utembee wenyewe. Pale mteremko ulipokwisha akaweka vituo vyenye mashine za mvuke za kuyanyanyua maji na kuyaanzisha upya. Mengi aliyapa umbo la yai lililosimama kwa ncha, ili hata maji yakiwa kidogo yakimbie na yasiache taka.

Mahandaki makubwa yalikuwa maili 82, karibu kilomita 132. Ni kama kutoka Dar ukaipita Chalinze, chini kwa chini, katikati ya mji wenye watu, nyumba na reli. Juu yake mifereji ya mitaani maili 1,100. Matofali milioni 318 yalitumika, na mahitaji yakawa makubwa hata bei ya matofali ikapanda. Alitumia saruji ya Portland, ambayo wakati ule mafundi wengi hawakuiamini, na akaweka sharti kwamba kila shehena ipimwe kabla ya kutumika. Michoro na mikataba aliipitia mwenyewe. Mkandarasi wa kuchakachua saruji hapo alipata shida, siyo kama wale tunaowajua, barabara inazinduliwa Jumatatu, Ijumaa ina mashimo.

Tarehe 4 Aprili 1865 mtoto wa malkia alikwenda kuwasha mashine za kituo cha Crossness, upande wa kusini. Majitaka yale yalijengewa nyumba yenye nguzo na mapambo ya chuma utadhani kanisa. Na ukingoni mwa mto, pale palipokuwa tope tupu, Bazalgette akajenga ukuta na barabara ya Victoria Embankment, iliyofunguliwa 1870. Juu magari na miti, chini mfereji mkuu, pembeni yake treni ya chini ya ardhi. Kazi moja, matumizi matatu.

UPANDE ULIOBAKI

Hapa ndipo pananiuma, na ndiyo sababu ya kuandika haya.

Mwaka 1866 kipindupindu kilirudi London. Safari hii sehemu kubwa ya mji ilisalimika, kwa kuwa mahandaki yalishaanza kazi. Isipokuwa upande wa mashariki. Huko ndiko walikokaa makuli wa bandarini, washona nguo, wahamiaji, watu wa chumba kimoja familia nzima. Kituo chao cha kusukuma maji, Abbey Mills, kilikuwa hakijakwisha, kilikuja kufunguliwa 1868. Majitaka yao yakaendelea kuingia mto Lea, na kampuni ya maji ya eneo lile ikawauzia maji kutoka bwawa ambalo halikuchujwa ipasavyo. Watu zaidi ya 5,500 wakafa, karibu wote upande ule ule.

Soma tena. Mradi ulishazinduliwa na mtoto wa malkia mwaka mmoja kabla. Magazeti yalishasifu. Kwenye karatasi London ilikuwa imepona. Kumbe kipindupindu kilijua ni mtaa gani haujaunganishwa.

Ajabu nyingine ni kwamba Bazalgette na wakubwa wenzake walijenga kwa sababu isiyo sahihi. Waliamini ugonjwa unaletwa na hewa yenye uvundo. Daktari mmoja, John Snow, alishaonyesha mwaka 1854 kwamba ni maji. Alihesabu wafu nyumba kwa nyumba katika mtaa wa Soho mpaka akakifikia kisima cha pampu kilichokuwa kinawaua, na mpini wa pampu ukaondolewa. Wengi hawakumkubali. Alifariki Juni 1858, mwezi ule ule wa uvundo mkuu, hakuona hata tofali moja. Baada ya 1866 wabishi wakapungua, na London haikupata tena mlipuko mkubwa wa kipindupindu.

Sisi je? Mwaka 1869 kipindupindu kiliingia Zanzibar na kuua maelfu. Daktari Mskoti aliyekuwa akifanya kazi mjini pale, James Christie, aliandika kitabu kizima kuhusu safari za ugonjwa huo Afrika Mashariki, kikatoka 1876. Na Agosti 2015, miaka karibu 150 baadaye, kikazuka hapa hapa Dar na kusambaa mikoani. Ugonjwa ni ule ule, na dawa ya mji mzima ilishajulikana tangu enzi za mashine za mvuke.

HAKUWA MALAIKA

Msije mkasema nimempamba. Mahandaki yake hayakusafisha kitu, yalihamisha tu. Uchafu wa London yote ulimwagwa Barking na Crossness, na watu wa huko wakalalamika mto wao umeharibika. Septemba 1878 meli ya abiria Princess Alice iligongwa jirani na pale, ikazama, wakafa watu zaidi ya 600, na wengi waliamini kuwa majitaka yaliyokuwa yametoka kumwagwa yaliwamaliza hata waliojua kuogelea. Ndipo baadaye wakaanza kutenganisha tope na kulipeleka baharini kwa meli, kuanzia 1887. Gharama nazo zilipita zile milioni tatu za mwanzo.

Bodi yake yenyewe iliishia vibaya. Ilikumbwa na kashfa za rushwa, ikafutwa 1889, na nafasi yake ikachukuliwa na baraza lililochaguliwa na wananchi. Mhandisi mkuu hakuwemo kwenye kashfa hizo. Aliondoka pamoja na bodi, akiwa ameitumikia zaidi ya miaka 30, ameshapewa heshima ya Sir na kuongoza chama cha wahandisi wa nchi yake. Alifariki tarehe 15 Machi 1891 nyumbani kwake Wimbledon. Pale Victoria Embankment ipo sanamu yake ndogo, kichwa na mabega, ukutani. Watu wanaipita kila siku bila kuitazama. Jana nilimuuliza jamaa yangu anayesoma huko kama anamjua, akanijibu hajawahi kulisikia hilo jina. Na choo anavuta kila asubuhi!

TUNABAKI NA NINI?

London leo ina watu karibu milioni tisa, na mahandaki ya mjukuu wa fundi cherehani bado yanafanya kazi. Yalizidiwa, hilo ni kweli, mpaka ikabidi wajenge handaki jipya la kilomita 25 chini ya Thames, likaunganishwa lote mwaka 2025. Lakini hebu fikirieni, mtu anajenga kitu kinawahudumia watu ambao babu zao hawajazaliwa. Sisi mtaro wa mtaani kwetu ulijengwa juzi na hautoshi mvua ya leo.

Mimi siyo mhandisi, na najua Dar siyo London. Ila nimeondoka na mambo mawili. La kwanza, ukisikia mradi wa maji au majitaka umekamilika, uliza umekamilika mpaka mtaa gani. Uliza kwenye mkutano wa mtaa, mbele ya watu, na jibu liandikwe kwenye muhtasari. Wale wa mashariki ya London hawakufa kwa kukosa mradi. Walikufa kwa kuwa wa mwisho kwenye foleni ya mradi.

La pili, mtaro hauna mwenyewe mpaka apatikane mtu mmoja wa kuulizwa. Huyu bwana alipata kazi yake siku ile mabosi mia tatu walipopunguzwa kuwa bodi moja. Kabla ya hapo hata yeye, na akili zake zote, alikuwa anachora karatasi zinarudishwa.

Barua yangu nimeichapa upya jana, safari hii tumesaini wapangaji kumi na mmoja, na mama wa yule mtoto ndiye wa kwanza. Nakala tumepeleka ofisi zote tatu kwa siku moja, kila moja ikionyesha majina ya hizo mbili nyingine, ili asiwepo wa kusema hakujua. Jirani anayetapisha choo naye tumemsainisha. Alisita kidogo, halafu akauliza gari la majitaka tukichanga nyumba nne linatoka shilingi ngapi. Tumeanza kupiga hesabu.

Kama mtaani kwenu mmewahi kufanikiwa kuwabana wahusika mpaka mtaro ukafunikwa au bomba likafika, tuandikieni hapo chini mlipitia wapi. Matusi kaeni nayo. Ila njia mliyopita tunaihitaji kabla ya vuli.

Naomba kuwasilisha.